Mistari Miwili Uliyoniachia

Nyumbani, upande wa Maneromango
Jumapili, baada ya ibada

Mwalimu wangu Zefania,

Dudumizi sikumsikia.

Haya, nimeandika. Miaka minne sijamwambia mtu yeyote jambo hili, si mama, si dada yangu. Hata Mungu nimemwambia kimoyomoyo tu, maana nyumbani kwetu ukiomba kwa sauti, chumba cha pili wanaitikia amina. Sikumsikia ndege yule siku ya kwanza, wala ya pili, wala ya tatu. Kijitoni kwenyewe sikufika. Nilikuandikia uongo kwenye Daftari la Nje, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote, na kwa uongo ule ukapanda mbegu za darasa zima kwenye vumbi, na kwa mbegu zile watu wakakupa jina ambalo umezikwa nalo.

Barua hii niliianza kwa Kiingereza. Najua ungecheka, kile kicheko chako cha puani. Huko shule ya bweni masomo ni kwa Kiingereza, na mpaka saa ya kula ni marufuku kusema Kiswahili, kwa hiyo siku hizi nakijua kiasi cha kuweza kujificha ndani yake. Baba hakisomi. Nikasema moyoni, nitaungama vizuri tu, kwa lugha ambayo hapa nyumbani hakuna wa kuifungua. Nilipofika mstari wa tatu nikaona nakudanganya mara ya pili. Uongo wangu niliuandika kwa Kiswahili. Karatasi ile nimeichana, nimewashia moto jikoni.

Naandikia kwenye meza ya dirishani. Mama amekwenda kumtazama mgonjwa, na baba yuko kwa wazee wenzake wa kamati ya shule, maana kesho asubuhi kamati inakaa. Karibu na mkono wangu kuna kitabu cha nyimbo, na kila nikisikia hatua nje nakivuta juu ya ukurasa. Nimeshakivuta mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa mbuzi.

Nikupe habari kwanza, maana hukupenda mtu aje na jambo zito kabla hajasema mvua imenyesha wapi.

Mvua haijanyesha. Tunangoja vuli. Ule mninga wa nyuma ya shule, uliomkatalia fundi wa milango asiukate, umejaa matumba, na moja au mawili yameshapasuka manjano. Kopo lako la samli la kupimia mvua bado liko juu ya kigingi, ila limeinama kidogo, na Mwalimu Rajabu hajui kwamba likiinama halipimi sawa. Mwalimu Rajabu ndiye aliyeletwa mahali pako. Ni kijana, ametoka Kisarawe mjini, ana baiskeli na viatu ambavyo bado vinalia. Si mtu mbaya. Watoto anawasalimu yeye kwanza. Dada yako alikuja kutoka kwenu Sofu, akachukua sanduku lako na kofia, akaacha vitabu na madaftari, akasema vya shule vibaki shule. Kofia aliivaa mwenyewe njia nzima mpaka kwenye lori. Mama anasema watu walishindwa kujua wacheke au walie.

Mimi sikuwapo. Walipokuchukua kwa machela kukupeleka zahanati, na masika yamekata barabara, mimi nilikuwa bwenini nakariri majina ya mito ya Ulaya. Barua ya mama ilichelewa hukohuko kwenye matope. Aliandika, "Mwalimu wenu ametutoka, kichomi kimemchukua." Halafu, kwa kuwa mama hajui kumaliza barua kwa huzuni, akaandika kwamba kuku wangu ameanza kutaga. Na katikati, baina yako na kuku, kulikuwa na jambo moja ambalo nimelibeba tangu siku ile. Kwamba watoto wa shule walilifuata jeneza lako mstari mmoja, mikono nyuma, na hakuna mkubwa aliyewaambia.

Mikono nyuma, mwalimu.

Unakumbuka siku ya kwanza ulipotutoa nje? Tulikuwa darasa la pili. Ulikuwa na kile kitabu cha walimu kilicholetwa kutoka Uingereza, cha mafunzo ya viumbe, kina picha ya ndege mwenye kifua chekundu amekaa juu ya mti usio na jani hata moja. Shomari akauliza kama ule mti umekufa. Ukasema haujafa, ni baridi. Shomari akasema, "Sasa mwalimu, kama ni baridi, yule ndege kifua kimemwungua na nini?" Darasa zima tukaangua kicheko, nawe ukacheka mpaka ukapangusa macho. Halafu ukakifunga kitabu polepole, kama mtu anayefunika chungu, ukasema, "Kitabu kizuri. Ila viumbe wake hawakai huku kwetu. Tokeni nje, tukaandike chetu."

Mlangoni ukatusimamisha. Macho mbele, mikono nyuma. Ukasema, "Anayetaka kukijua kitu asikikamate kwanza." Basi tukazunguka kijiji mstari mmoja, vidole tumevifunga migongoni, tukitazama gome la mti, njia ya mchwa, tundu la nyigu chini ya paa la msikiti. Na watu vibarazani wakaanza.

"Jamani, hawa mahabusu wa nani?"

"Wa Mwalimu Zefania."

"Wameiba nini?"

"Saa za kusoma!"

Wewe ukawavulia kofia, ukaendelea mbele.

Na siku ya jongoo. Ulitutaka tuhesabu miguu yake, ili tujifunze kuhesabu kwa mbili-mbili. Shomari akafika sitini, jongoo akajikunja. Tukataka kumkunjua kwa kijiti. Ukasema, "Mwacheni. Yeye hana haraka, na sisi tusiwe nayo." Tukakaa chini. Tulikaa pale, mwalimu, mpaka jua likatupata utosini na kengele ikagongwa, na jongoo hajajikunjua. Jioni mzazi mmoja akakujia juu: "Mimi nimemleta mtoto asome, nawe unamkalisha kwenye mlango wa jongoo!" Ukamjibu kwa upole kabisa, "Kesho atafunguliwa, mzee." Na kesho yake kweli tukampata mwingine, tukahesabu mpaka tukapotezana. Mimi hesabu za mbili-mbili sijazisahau mpaka leo. Huko bwenini nikifanya hesabu namwona jongoo.

Hukuwahi kujua kwamba nilikuwa na furaha. Sikusema. Mimi nilikuwa mtoto wa kutosema, na bado ndivyo nilivyo. Lakini nje ulikuwa humwiti mtu kusimama mbele ya darasa. Nje ilitosha kutazama.

Ila Jumatatu ilikuwa siku ya Daftari.

Lile daftari kubwa la gamba jeusi. Kila mmoja ulimpa kituo chake cha kutazama, na kila Jumatatu anaandika alichokiona kisha anakisoma kwa sauti. Sheria zilikuwa mbili. Ya kwanza, usiandike ulichoambiwa, andika ulichokiona au kukisikia wewe. Ya pili, hakuna kufuta. Aliyekosea apige mstari mmoja juu ya kosa, kosa libaki likisomeka, aandike ukweli chini yake, na jina lake. Ulisema, "Anayefuta ametuficha mambo mawili: kosa lake, na siku aliyolijua."

Darasa la nne ukatuambia shamba la shule mwaka ule tutalipanda kwa macho na masikio yetu. Ukatutuma nyumbani tukaulize wakubwa zetu wanaijuaje vuli kabla haijafika. Tukarudi na alama nyingi, nyingine za kuchekesha, na bibi yake Shomari akasema goti lake la kushoto, ukaliandika nalo. Mwisho ukachagua tatu zilizotoka katika nyumba nyingi. Mninga ukitoa matumba. Sisimizi wakihamisha mayai kupanda juu. Na dudumizi akilia asubuhi tatu mfululizo, ile sauti yake ya maji yanayomiminwa kwenye kibuyu chenye shingo nyembamba. Zikikamilika tatu, tunapanda.

Dudumizi ukanipa mimi. Ukasema, "Tabita ana masikio, kwa kuwa mdomo wake hauyasumbui." Kituo changu kilikuwa kwenye matete ya kijito, ng'ambo ya kisima.

Kisima ndicho kilichoniangusha, mwalimu. Wewe ulikuwa mwanamume, hukujua kisima cha asubuhi kilivyo. Wanawake wamepanga ndoo, na huwezi kuwapita kama upepo. Kila mmoja ni shikamoo yake, na kila mmoja ni marahaba na swali lake. Mama hajambo, baba hajambo, unakwenda wapi saa hizi, mbona huna ndoo. Asubuhi ya kwanza nilijikaza nikasema, "Nakwenda kumsikiliza ndege." Mwalimu, walicheka mpaka mmoja akamwaga maji. "Jamani! Binti wa mzee wa kanisa anamnyemelea ndege! Mwanangu, akilia mwambie na sisi tunasubiri!" Walicheka kwa mapenzi, sasa najua. Siku ile mimi nilitamani ardhi ifunguke. Nikageuka pale kisimani. Kesho yake nikatoka nyumbani kama kawaida, nikakaa nyuma ya mihogo yetu mpaka jua likapanda, nikarudi. Na kesho kutwa. Wiki mbili hivyo.

Jumatatu ya kwanza mstari wangu ulikuwa mtupu. Jumatatu ya pili mtupu. Shomari akasema, "Tabita kaziba masikio kwa uji," na kila nilipopita wakawa wananyoosha shingo kunichungulia sikioni. Mninga ulishatoa matumba. Sisimizi walishapanda. Wote walikuwa wananingoja mimi, hata wewe, na watoto walishaleta mbegu kutoka majumbani, kila mmoja kibaba chake cha mahindi kwenye kitambaa.

Jumatatu ya tatu nikaandika: "Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi nimesikia dudumizi akilia kwenye matete, asubuhi. Tabita." Nikasimama nikasoma. Ndiyo mara yangu ya kwanza kusoma bila sauti kukatika. Darasa likapiga makofi. Na wewe, kesho yake, tulipomaliza kufukia mashimo, ukasimama mwisho wa tuta ukasema, "Shamba hili limepandwa na masikio ya Tabita."

Nakuomba unisamehe kwanza kwa kukufanya useme sentensi ile. Mengine nitayafikia.

Unajua yaliyofuata. Manyunyu ya siku moja, yakaziotesha. Halafu jua, jua, jua. Miche ikawa kama nywele zilizoungua. Mbegu zilizobaki kwale wakazifukua. Watu majumbani, ambao walikuwa wamengoja, walipanda mvua ilipofika kweli, nao wakavuna. Sisi vibaba vyetu vikapotea, na mwaka ule haukuwa mwaka wa kupoteza kibaba. Wazazi wakaitisha mkutano. Sisi watoto tulichungulia madirishani. Mmoja akasema mwalimu mzima kadanganywa na dudumizi. Watu wakacheka, na hapohapo jina likashika: Mwalimu Dudumizi. Baba yangu akasimama. Nilimwona kisogo chake tu. Akasema, "Ndege alilia. Binti yangu mwenyewe ndiye aliyemsikia, na binti yangu hasemi uongo. Mtoto yule hasemi kabisa, huo uongo atautolea wapi? Lakini kulima kwa kufuata ndege si elimu. Huo ni mchezo."

Nawe ukasimama ukasema, "Kosa ni langu. Niliharakisha." Basi. Hukutazama madirishani.

Nilikuwa nimeshika nondo za dirisha. Ningeweza kusema pale. Nilisubiri mtu aniulize, kwa kuwa mimi nikiulizwa hujibu. Hakuna aliyeniuliza.

Baadaye ulifanya mambo mawili ambayo sikuyaelewa mpaka juzi. La kwanza, ulinihamisha kituo. Ukanipa mninga wa nyuma ya shule, kule ambako hapiti mtu. Nililia nikidhani umeninyang'anya ndege kwa sababu ndege yule ameleta balaa. La pili, Jumatatu moja ukatupeleka wote porini alfajiri kukipambazuka, ukatukalisha mbalimbali, kila mmoja na kibao chake, ukasema, "Leo tunaandika kimya. Kila mtu aniandikie asichokisikia." Tukadhani unatania. Shomari akaandika kwamba hakumsikia simba, tembo, wala Bwana Mkaguzi. Mimi nikaandika, "Sikusikia dudumizi." Ulipopita ukaweka alama ya vyema, kubwa kuliko zote, ukasema bila kunitazama, "Sikusikia nayo ni habari kamili. Anayeiandika amefanya kazi yake." Nilidhani unaliambia darasa.

Nikafaulu, nikaenda bweni. Miaka ikapita. Likizo ya mwisho ukiwa hai nilikukuta njiani, umeinama kwenye shina, mikono nyuma, peke yako, huna hata mtoto wa kumfundisha. Nilikuwa nimejiandaa. Sentensi ilikuwa mdomoni kabisa. Nikasema, "Shikamoo mwalimu." Ukasema, "Marahaba Tabita, njoo uone, kinyonga anabadili ngozi." Nikasema nimetumwa chumvi, nikaondoka mbio. Sikutumwa chumvi. Uongo huo nao uandike.

Sasa nikuambie kwa nini naandika leo.

Kesho kamati inataka kuliondoa somo la nje. Tangu ulipofariki Mwalimu Rajabu amejaribu kuliendeleza, anawatoa watoto na viatu vyake vinavyolia, ndege wote wanaruka kabla hajafika. Wazee wanasema saa zile zirudi kwenye hesabu na kusoma, watoto wafaulu kwenda darasa la tano. Baba ndiye atakayesema kwa niaba ya wote. Jana mezani alisema, "Hilo somo la kutembea tunalimaliza kesho. Shule si machungani. Tulishapoteza mbegu kwa ajili ya ndege, hatupotezi na watoto." Mama akasema, "Mungu amrehemu Mwalimu Dudumizi," kwa huruma kabisa.

Mwalimu Rajabu alikuwa amenijia Ijumaa. Akaniletea Daftari la Nje limefungwa kwenye gazeti. Akasema, "Dada Tabita, wewe ulisoma kwake, na ndiwe uliyefika mbali. Mimi sikuwapo. Kamati ikiniuliza faida ya somo hili nitajibu nini? Nitafutie humu hata neno moja." Nikalipokea kwa mikono miwili.

Nimelisoma lote. Goti la bibi yake Shomari lipo. Jongoo yupo, na hesabu zetu saba, hakuna inayofanana. Na nikafika kwenye ukurasa wangu.

Wewe ulikuwa mbahili wa karatasi, mwalimu. Uliandika mpaka pembezoni, ukageuza daftari ukaandika ubavuni. Katika daftari lote hakuna mahali umeacha nafasi. Ila chini ya mstari wangu wa dudumizi kuna mistari miwili mitupu. Miwili. Na chini ya hiyo mitupu kuna mwandiko wako mdogo wa penseli, siku mbili baada ya kupanda:

"Nimekwenda kwenye matete nimsikilize nami. Kimya. Utando wa buibui umekatiza njia toka upande hadi upande, wa siku nyingi, umejaa vumbi na majani. Hakuna mtu aliyepita hapa."

Hakuna zaidi. Hukuandika jina langu. Ulijua, mwalimu. Kabla ya manyunyu, kabla ya jua, kabla ya mkutano. Ulisimama mbele ya wazazi ukasema kosa ni langu, na ulikuwa umeshausoma ule utando. Ukalivaa lile jina karibu miaka minne, kila ukinunua chumvi, kila ukipita kibarazani, "Mwalimu Dudumizi, vipi, leo kunanyesha?" na ukawavulia kofia. Na nafasi yangu ukaniachia. Daftari liliendelea mbele miaka yote hiyo, watoto wengine, mvua nyingine, na wewe mwenye kubana karatasi hukuijaza ile mistari miwili. Ulikuwa unaningoja kama tulivyomngoja jongoo.

Nililia mpaka mama akauliza kama naumwa jino. Nikasema ndiyo, jino. Unaona nilivyo.

Kitu kinachoniogopesha si kamati. Ni baba. Alisimama mbele ya watu akasema binti yangu hasemi uongo, na tangu siku ile analisema hata kwa wageni, ndiyo sifa yangu pekee aliyonayo ya kujivunia. Nikiandika kwenye ile mistari, neno lake mbele ya wazee litakuwa limevunjika, na amelivunja mwanawe. Nisipoandika, kesho atasimama nalo tena, nalo ndilo litakalofunga mlango wa nje. Watoto wa darasa la pili watafundishwa yule ndege wa kifua chekundu. Na wewe utabaki mtu aliyedanganywa na ndege. Ndege hakukudanganya. Dudumizi wa watu hakusema kitu. Alama tatu hazikukosea, mwalimu. Zilikuwa mbili tu.

Ndilo hilo neno moja analolitafuta Mwalimu Rajabu. Somo lako halikushindwa. Lilikuwa sahihi kiasi kwamba uliweza kumkamata mwongo kwa utando wa buibui, na lilikuwa na upendo kiasi kwamba hukumkamata.

Nimekwisha fanya. Nimeandika sasa hivi, nimeiacha barua kidogo nikaandika kule, nimerudi. Nimepiga mstari mmoja juu ya uongo wangu, bado unasomeka vizuri. Na kwenye mistari miwili uliyoniachia nimeandika: "Sikusikia dudumizi. Sikufika kwenye matete, niliona haya kupita kisimani. Kosa la mbegu si la mwalimu wala la ndege, ni langu. Tabita." Imetosha mistari miwili barabara. Sijui ulipimaje.

Kesho alfajiri, kabla ya kamati, nitakwenda kule. Nakuahidi. Nitapita kisimani, nitatoa shikamoo zote, hata wakiwa kumi, na wakiniuliza nakwenda wapi nitawaambia nakwenda kumsikiliza ndege, wacheke wanavyotaka. Nitasimama kwenye matete mpaka jua lipande. Nitakachokisikia nitakiandika, na nisipokisikia nitaandika. Nikirudi nitapita shuleni nikalisimamishe kopo lako la samli. Kisha nitampelekea Mwalimu Rajabu daftari mwenyewe, na kama wazee watataka nilisome kwa sauti, nitalisoma, hata sauti ikikatika. Na viatu vyake vile nitamwambia avivue.

Kuna hatua nje.

Si mbuzi. Ni baba, namjua kwa kikohozi chake cha pale kwenye mchongoma, na sasa anakung'uta vumbi la miguu kwenye jiwe. Anaimba kidogo, ana furaha, wamekubaliana. Daftari liko wazi mezani, wino haujakauka, na barua hii iko kando yake. Kitabu cha nyimbo nimekisukuma mbali, mkono haukifikii.

Kwaheri mwalimu wangu. Lala huko ulikolala, na kofia yako ikae Sofu, asikuite mtu tena kwa jina lisilo lako. Mlango unasukumwa. Nikimaliza neno hili naweka kalamu chini, macho mbele, mikono nyuma.

Mwanafunzi wako,
Tabita